Tujue kompaila kabla ya kugusa kerneli

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya walimu, wahudumu wa afya na mafundi vijana, Isingiro, Wilaya ya Kyerwa

Najua wengine mlipoona mada kwenye ratiba mlijiuliza, kerneli ni kitu gani, na mratibu wa miradi anahusikaje nayo? Nitajibu maswali yote mawili. La pili lina ungamo ndani yake, nami nimelileta makusudi mbele ya watu ambao kosa letu liliwagusa.

Wengi wenu mnazifahamu zile bodi ndogo nne tulizopokea kutoka kwa marafiki zetu wa ng'ambo. Kila moja inaenea kiganjani, inatumia wati chache tu, na betri moja ya jua inaiwasha mchana na jioni. Mbili tuliziweka shuleni ziwe maktaba, na mbili zahanati kwa ajili ya leja ya dawa. Wazo hili si letu peke yetu. Wilayani Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential liliweka bodi za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua katika shule za sekondari katika miaka ya 2010. Mahali ambapo umeme ni wa shida, bodi ya namna hii ni msaada mkubwa.

Ila bodi zetu zilikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba hazikuwa na saa yenye betri yake. Umeme ukikatika, tarehe inarudi 1 Januari 1970. Muuguzi anaandika kuwa amepokea dawa za malaria leo, bodi inasema zimepokelewa mwaka 1970. Kwa leja ya dawa hilo si jambo dogo, maana tarehe ndiyo inayotuonyesha dawa gani itumike kwanza na ipi imepitwa na wakati.

Dawa yake tuliijua. Kipo kijisaa cha bei nafuu ambacho fundi anakiunganisha kwenye bodi kwa waya nne. Kilichobaki ni kuifanya kerneli ikitambue. Hapo ndipo safari yetu ilipoanza.

Kerneli na kompaila ni nini?

Kerneli ni ile programu ya katikati inayosimama kati ya programu nyingine na vifaa vyenyewe: diski, saa, waya wa mtandao. Bodi zetu zinatumia kerneli ya Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Finland. Ni programu huria, kwa hiyo kila mtu anaruhusiwa kuona maandishi yake na kuyabadili. Sisi Watanzania tulionja matunda ya programu huria zamani, pale mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004.

Maandishi ya kerneli yameandikwa na watu, kwa lugha ambayo watu wanaweza kuisoma. Chipu haielewi lugha hiyo. Inahitaji mkalimani, na mkalimani huyo ndiye kompaila. Kompaila inayotumika zaidi kwa Linux ni GCC, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Nayo ina matoleo, kama vitabu vilivyo na chapa ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Bodi zetu zina chipu ya aina ya ARM. Kompyuta mpakato ya ofisini ina chipu ya aina nyingine, na amri za moja hazieleweki kwa nyingine. Kujenga kerneli nzima juu ya bodi yenyewe kunachosha, maana ina nguvu kidogo. Kwa hiyo mafundi wanaijenga kwenye kompyuta ya ofisini kwa kutumia kompaila inayotoa amri za ARM, halafu wanaihamishia kwenye bodi.

Kina mama wanaoshona watanielewa haraka. Ni sawa na kushona sare ya mtoto aliye bweni. Vipimo vimeletwa kwenye karatasi, mtoto mwenyewe hayupo umpime. Ukikosea bega, utajua siku sare itakapomfikia.

Milango mitatu iliyofungwa

Bodi zetu zilikuja na kerneli toleo 3.4, iliyotoka Mei 2012. Mtauliza, kwa nini tusitumie mpya? Ni kwa sababu waliotengeneza bodi za namna hii mara nyingi waliandika programu za kuendesha vifaa vyao kwa toleo moja tu la kerneli, kisha wakaliacha hapo. Ukiweka kerneli mpya bila maandalizi, diski haionekani. Kwa hiyo kijana wetu fundi alichukua maandishi ya kerneli ileile, akawasha kipengele cha saa, akaanza kujenga kwa kompaila iliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisi, GCC toleo 12.

Mlango wa kwanza ulifungwa ndani ya dakika moja. Kompyuta ilisema haioni faili linaloitwa compiler-gcc12.h. Sababu yake ni rahisi. Kerneli za wakati ule zilikuwa na faili la maelezo kwa kila kizazi cha GCC: moja la kizazi cha 3, jingine la kizazi cha 4. Kompaila ikijitambulisha kuwa ni ya 12, kerneli inakwenda kutafuta faili la 12, na mwaka 2012 hakuna aliyekuwa ameliandika. Baadaye, mwaka 2015, waandishi wa kerneli waliunganisha mafaili hayo yakawa moja, lakini yetu ilikuwa ya kabla ya hapo.

Kijana wetu alifanya wanachofanya wengi. Alinakili faili la kizazi cha 4, akalibandika jina la 12. Mlango ukafunguka. Lakini, ndugu zangu, kubadili jina la faili hakumfundishi mkalimani lugha ya zamani.

Mlango wa pili ulikuwa faili linaloitwa timeconst.pl. Hili halihusu kompaila, linahusu lugha ya Perl ambayo kerneli za zamani ziliitumia kufanya mahesabu fulani wakati wa kujengwa. Kuanzia Perl 5.22 ya mwaka 2015, namna moja ya kuuliza kama orodha ina kitu ndani yake ilikataliwa kabisa. Marekebisho yake ni ya mstari mmoja, naye akayafanya. Wengine wanakutana na mlango mwingine hapohapo, ujumbe kwamba yylloc imetajwa mara mbili. Huo unatokana na GCC 10 ya mwaka 2020, iliyoanza kukataa jina moja kutangazwa katika mafaili mawili.

Mlango wa tatu ulikuja mwishoni, wakati wa kuunganisha vipande vyote. Kompyuta ililalamika kuwa kazi zilezile zimeandikwa mara nyingi. Chanzo chake ni kwamba GCC 5, iliyotoka mwaka 2015, ilibadili kanuni za lugha ya C inazozifuata bila kuambiwa. Kutoka kanuni za mwaka 1989 ikahamia za mwaka 2011, na neno moja, inline, likabadilika maana. Maandishi ni yaleyale, msomaji ndiye aliyebadilika. Fundi akaiamuru kompaila irudi kwenye kanuni za zamani, kazi ikakamilika.

Akaiweka kerneli kwenye bodi moja, akaiwasha. Kwenye kioo likaonekana neno la kuwa kerneli imefunguliwa na sasa inaanza kazi. Baada ya hapo kimya. Tukasubiri hadi chai ikapoa. Bodi haikusema neno jingine.

Tulipofurahi kabla ya wakati

Hadi hapo hatukuwa tumepoteza kitu ila siku tatu. Makosa yanayopiga kelele ni makosa ya heshima, maana yanakuzuia usiendelee. Sasa niwaeleze lile lililokaa kimya.

Tuliambiana kwamba kerneli ya zamani inataka kompaila ya zamani. Wazo lilikuwa sahihi. Katika diski moja ya zamani tulipata GCC 4.8.1, ya mwaka 2013. Tukaitumia. Ilijenga bila lalamiko hata moja. Bodi ikawaka, saa ikatambuliwa, tarehe ikabaki sahihi hata tulipochomoa waya wa umeme. Tulipiga makofi. Kesho yake tukaiweka kerneli hiyo katika bodi zote nne.

Nilipokuwa zahanati siku ile nilimkuta muuguzi wetu ana leja ya kompyuta upande mmoja na daftari la karatasi upande mwingine. Anaandika kila kitu mara mbili. Nikamwambia, "Mama, sasa mtambo umepona, acha kujichosha. Daftari weka kabatini." Akanijibu kwa upole, "Sawa mratibu." Mimi nikaondoka.

Baada ya majuma kadhaa simu ikaja. Leja haifunguki. Fundi alipofika alikuta mafaili yameharibika: mengine yana herufi zisizosomeka, mengine yamekatika katikati. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski ileile, nayo imeguswa. Juma lile tulitakiwa kuagiza dawa, na hakuna kompyuta iliyoweza kutuambia kuna nini stoo.

Tulishuku umeme. Tukashuku diski. Fundi aliendelea kuchunguza, ndipo akapata habari ambayo wajuzi walikuwa wameijua tangu miaka mingi. GCC 4.8.0, 4.8.1 na 4.8.2 zina kosa zinapotengeneza amri za ARM. Mwaka 2014 waandishi wa kerneli ya Linux waliweka kizuizi ili ujenzi kwa kompaila hizo ukatae kabisa, na ujumbe wake unataja wazi uharibifu wa mafaili. Kerneli yetu ilikuwa ya kabla ya kizuizi hicho, kwa hiyo hakukuwa na mlinzi mlangoni.

Kosa lenyewe niwaeleze kwa mfano. Kila kazi ndani ya kompyuta inakodi chumba kidogo cha kumbukumbu kwa muda, inaweka vitu vyake, ikimaliza inavichukua na kurudisha ufunguo. Kompaila zile, mara nyingine, zilipanga amri kinyume: ufunguo unarudishwa kwanza, halafu mzigo wa mwisho ndio unachukuliwa. Mara nyingi hakuna tatizo, maana kati ya hatua hizo mbili ni sehemu ndogo mno ya sekunde. Lakini mara mojamoja kifaa kinabisha hodi wakati huohuo, diski au waya wa mtandao, na kerneli inampa kile chumba. Mpangaji mpya anaweka vitu vyake juu ya mzigo wa wa kwanza. Wa kwanza anaondoka na mzigo usio wake. Kama mzigo huo ulikuwa anwani ya mahali pa kuandika kwenye diski, basi unaandika juu ya leja ya dawa.

Ndiyo maana majaribio yetu ya siku moja hayakuonyesha kitu. Kosa hili linasubiri bahati mbaya, na bodi inayofanya kazi kutwa nzima inakutana na bahati mbaya mapema au baadaye.

Leja ilirudi vipi? Muuguzi alifungua kabati, akatoa daftari. Lilikuwa limeandikwa hadi jana yake. Hakuwa ameacha hata siku moja. Alinipa bila neno. Tuliketi naye jioni mbili tukiingiza upya kila kopo na kila boksi, na dawa zikaagizwa kwa wakati. Leo yupo nasi hapa. Mama, mbele ya wote nasema wewe ulikuwa sahihi, na mimi niliyekuambia uache daftari nilikosea. Nisamehe.

Jibu lilikuwa ndani ya bodi

Sasa sikilizeni jambo lililotusikitisha kuliko yote. Jibu tulikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Kila kerneli ya Linux inabeba ndani yake jina la kompaila iliyoijenga. Unaandika amri moja, cat /proc/version, na bodi inakujibu: toleo la kerneli, toleo la GCC na tarehe ya kujengwa. Tulikuwa tumehifadhi kadi moja ya awali ambayo haikuguswa. Tulipoiwasha na kuiuliza, ilijibu GCC 4.6.3.

GCC hiyo ndiyo iliyokuwa katika Ubuntu 12.04, iliyotoka Aprili 2012, mwezi mmoja tu kabla ya kerneli 3.4. Matoleo ya zamani ya Ubuntu na Debian hayajatupwa, yamehifadhiwa kwenye ghala zao na yanapakuliwa hadi leo. Fundi wetu alipakua Ubuntu hiyo, akaiweka ndani ya kompyuta ya ofisi kama chumba kilichojitenga, bila kubadili mfumo mkuu. Ndani ya chumba hicho kompaila ni ya wakati ule na Perl pia ni ya wakati ule, 5.14. Milango yote mitatu ikafunguka bila kubandika jina wala kurekebisha mstari. Safari hii tuliijaribu kwenye bodi moja kwa mwezi mzima, ikiandika na kufuta mafaili usiku na mchana, kabla ya kugusa nyingine.

Karagwe hii ni nchi ya wahunzi tangu enzi za watawala wa Bweranyange. Mhunzi anayerithi jembe la babu yake huuliza kwanza lilifuliwa kwa chuma gani, ndipo aliweke motoni. Sisi tulirithi jembe, tukalitia motoni bila kuuliza.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na hayo, napendekeza mambo yafuatayo kwa kila sharika, shule na zahanati yenye vifaa vya namna hii.

1. Kabla ya kubadili chochote, iulize bodi imejengwa kwa kompaila gani, andika jibu kwenye karatasi, na ibandike kwenye boksi. Kama faili la /proc/config.gz lipo, linakili pia, maana ndiyo orodha ya vipengele vilivyowashwa.

2. Tumia kompaila ya kizazi kile kile, kwa aina ileile ya ARM. Kompaila zenye jina linaloishia gnueabi na gnueabihf si kitu kimoja, na programu za moja zinaweza kukataa kufanya kazi kwenye mfumo wa nyingine. Kwa ARM, epuka kabisa GCC 4.8.0 hadi 4.8.2. Kosa hilo lilirekebishwa katika 4.8.3.

3. Usifurahie ujenzi uliokwisha bila lalamiko. Jaribu bodi moja, tena kwa muda mrefu, ikiwa na kazi nzito. Nakala ya akiba ikae kwenye kifaa kingine.

4. Kama chipu yenu inatambuliwa na kerneli mpya, hamieni huko. Kerneli 3.4 iliacha kufanyiwa matengenezo ya usalama miaka mingi iliyopita. Bodi inayobaki nayo isiunganishwe na intaneti.

5. Daftari la karatasi liendelee. Si dalili ya kutokuamini maendeleo.

6. Hili la mwisho ni letu sisi waratibu na wafadhili. Leseni ya kerneli ya Linux, GPL toleo la 2, inampa anayepokea kerneli haki ya kupata maandishi yake yote, pamoja na maelekezo ya kompyuta yanayotumika kuijenga na kuiweka. Lakini kwa kawaida haimlazimishi mtoaji kukupa kompaila yenyewe. Kwa hiyo tuiombe kwa jina lake. Hati ya makabidhiano isiorodheshe bodi nne, betri nne na waya tu. Iorodheshe pia maandishi ya kerneli, faili la vipengele, na toleo la kompaila pamoja na diski yenye nakala yake. Msaada uliokuja bila zana zake utatulazimisha kubahatisha siku utakapoharibika, na wafadhili wenyewe wakati huo watakuwa wameshahamia mradi mwingine.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ningeweza kueleza habari hii kama hitilafu ya mtambo, nanyi mngeniamini. Lakini mtambo ulifuata tulichoamuru. Upungufu ulikuwa wetu wa kutouliza, na wangu wa kumwambia mwenye uangalifu aache uangalifu wake.

Baada ya chai fundi wetu atawaonyesha ile amri kwenye bodi mlizokuja nazo. Kila mmoja aandike jibu la bodi yake kabla ya kuondoka Isingiro leo.